Juu ya Mguu wa Mama Yako

Ngalula mwanangu,

Sanduku umelifunga mwenyewe, nimekuona. Vyeti vya shule umeviweka ndani ya mkebe wa biskuti, na ndugu yako Mukendi amepata viatu vinavyokaribia kumtosha. Kwa hiyo yale ambayo wazazi huwaandikia watoto wanaosafiri, vaa hivi, kula vile, usijibizane na askari, nayaacha yote. Tangu tufukuzwe mtaani kwetu Kamalondo na kuingia kambini humu, wewe ndiye uliyenilisha mimi. Sina cha kukufundisha juu ya ugali wa bukari na maji.

Ninaandika nikiwa nimeketi kwenye kreti nyuma ya hema la wagonjwa. Jua bado liko juu, na wewe uko kwenye foleni ya bomba. Ukigeuka utaniona ninachezesha mguu, kisigino juu, kisigino chini, na watoto wa kambi wananicheka. Waache wacheke. Daktari ameniamuru nifanye hivyo kila ninapokaa, na siku hizi natii kuliko nilivyowahi kutii maishani, wakati ambapo utii wangu haumfai tena yule aliyeuhitaji.

Kesho gari la moshi litawapeleka Kasai, nchi ambayo wewe na Mukendi hamjaiona hata siku moja, na ambayo watu wa hapa wanasema ndiko kwenu. Ulizaliwa Kamalondo, ukabatizwa hapa, meno yako ya kwanza yakang'oka hapa. Lakini Katanga imejitangaza kuwa nchi yake yenyewe, na sisi tuliozaa na kuzika hapa tumegeuzwa wageni. Sitaki kumaliza wino kwa hilo. Wale waliotufukuza wana watu wengi wa kuwalaani. Mimi nina kosa langu, na wa kulisema ni mimi peke yangu.

Atakayewapokea huko ni Kaku, mama yake mama yako. Kuna jambo ninyi hamlijui ambalo yeye analijua, nalo atakwambia, maana ni haki yake. Kuna jambo lingine ambalo hata yeye halijui, kwa sababu nilikudanganya wewe na uongo huo ndio uliomfikia. Nataka yote mawili uyasikie kwangu kwanza.

Nianze na mguu wangu, maana bila huo ningekuwa bado nimefunga mdomo. Tulipofika hapa bila mama yako, nililala kwenye mkeka nikakataa kuamka. Siku kumi, siku kumi na tano, sijui. Ulikuwa unaniletea chakula na kukirudisha kama ulivyokileta. Watu walisema ni huzuni, niliwaacha waseme. Halafu mguu wa kushoto ukavimba kutoka pajani mpaka kwenye unyayo, ukawa wa moto na mzito, ngozi ikavutika hadi ikang'aa. Mimi niliyekuwa infirmier, muuguzi, katika hospitali ya kampuni miaka ishirini niliutazama mara moja tu, nikajua ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Nilifurahi, Ngalula. Sikufichi. Nilifurahi kwamba ugonjwa ule umenipata na mimi.

Ukaenda kumwita daktari wa kofia za bluu, wale askari wa Umoja wa Mataifa, yule mfupi mwenye miwani, ambaye Kifaransa chake ni cha kuokoteza. Alinidunga sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, kisha akaongeza vidonge, na kila mara alichukua damu kidogo kupima isije ikawa nyepesi kupita kiasi, nikaanza kutokwa damu puani na kwenye fizi. Hayo yote niliyajua. Nisilolijua lilikuja siku ya nne. Alinifunga bendeji ya kubana, kutoka vidoleni kupanda juu, akaniambia nisimame nitembee.

Nilikataa. Nilishika ukingo wa kitanda kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Mama Odia, jirani yetu wa Kamalondo, ndiye aliyekuwa akisaidia hemani.

"Mama Odia, ambia munganga, ile damu ikitoka ku muguu itapanda ku mapafu. Nitakufa hapa hapa."

Akamwambia. Daktari akajibu kwa maneno marefu na mikono mingi.

"Anasema dawa imeisha kushika ile damu," Mama Odia akasema. "Anasema kulala njo kunaharibisha. Simama, baba Ngalula, usituchokeshe. Bantu bako mingi banangojea kitanda."

Nilisimama. Siku ile nilifika kwenye nguzo ya hema na kurudi. Siku ya pili nilifika bombani. Baadaye akanipangia kuzunguka mstari wa mahema asubuhi na alasiri, nikiongeza mzunguko mmoja mguu unapokubali, nisiusugue wala kuukanda, na nikisikia kifua kinachoma au pumzi inakatika nikae chini na kumwita mtu mbio. Mguu uliuma. Lakini niliporudi kulala nikiwa nimeuinua juu ya blanketi, uliuma kidogo kuliko jana yake. Wiki ya tatu nilikiona tena kifundo cha mguu wangu, mfupa wake umejitokeza kama zamani. Nililia, na wewe ukadhani ni furaha, ukanipigia makofi.

Haikuwa furaha. Nilikuwa nimemwona mama yako.

Mukendi alipozaliwa ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Unakumbuka tulivyosherehekea, na bila shaka unakumbuka kwamba wiki ya pili mama yako alirudishwa hospitalini kwa sababu ya mguu. Ulikuwa ugonjwa huu huu, nao huwapata wazazi baada ya kujifungua. Alipewa sindano hizi hizi. Alipotoka, daktari kijana, aliyekuwa amefika kutoka Ulaya mwaka ule, aliniita pembeni akaniambia, "Dawa imeshika. Baada ya siku chache aanze kutembea taratibu, mguu ukiwa umefungwa vizuri." Aliniambia mimi, kwa sababu mimi ni infirmier, na aliniamini.

Nilisema, "Oui, docteur," ndiyo daktari. Moyoni nilimcheka. Miaka yote niliyofanya kazi, sheria ya wodi yetu ilikuwa moja: mwenye damu iliyoganda halali ubavu, hakai, hashuki kitandani. Mimi mwenyewe niliwafunga wagonjwa kifundo cha mguu kwenye chuma cha kitanda kwa kitambaa cha gozi, wasije wakajisahau. Mchimba shaba mzima, mwenye mabega ya kubeba mlango, nilimfunga akaniomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Nilikuwa mtu mkubwa kwa fundo lile. Sasa mtoto wa juzi aje aniambie fundo langu halikuwa na maana?

Lakini hiyo ni nusu tu ya sababu, na ndiyo nusu nzuri. Nusu mbaya ni hii. Mwaka ule nilikuwa nimeomba karata ya mtu aliyestaarabika, kitambulisho ambacho serikali ya Wabelgiji ilimpa Mwafrika aliyeishi kama wao. Wewe ulikuwa mdogo, uliona tu kwamba nimenunua uma na visu. Wazungu wa tume iliyotoa karata hizo walikuwa wakija nyumbani kwa mtu bila kutaja siku, wanatazama shuka, wanatazama choo, wanatazama kama mke anakula mezani. Ukishinda unapewa karata, na ukiwa nayo askari hakuiti "wewe" barabarani. Niliitaka karata ile kuliko nilivyotaka kitu chochote. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi Kaku alikuwa amekuja kutoka Kasai kumtunza mwanawe, kama mama yeyote. Unajua desturi yetu. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali mbele yake, na akikutana naye njiani yeye ndiye anayepisha. Kaku alilala jikoni ili nisipate taabu ndani ya nyumba yangu. Na kila asubuhi, nikishaondoka kwenda kazini, alichana kikwembe kikuukuu kuwa ukanda mrefu, akamfunga mama yako mguu kutoka vidoleni kwenda juu, akamshika kiunoni, na wakazunguka uani. Mara tatu, mara nne, mpaka mara kumi. Hakusoma popote. Walimfanyia yeye hivyo, na mama yake alifanyiwa hivyo.

Wiki ya kwanza mama yako aliniambia mguu unapungua. Nilidhani ni sindano.

Siku moja nilirudi adhuhuri, nikawakuta uani. Mama yako bila viatu, mguu umezungushiwa kitambaa cha maua kilichopauka, na bibi wa kijijini anamkokota mbele ya majirani. Nikawaza: kama tume ingefika leo? Ngalula, hilo ndilo wazo la kwanza lililonijia. Sikuuwaza mguu wake hata kidogo.

Nilimwendea Kaku nikasimama mbele yake, nikamtazama machoni, nikamwambia anamuua mgonjwa wangu. Nilisema "mgonjwa wangu". Yeye alifunika uso kwa mikono, si kwa woga bali kwa aibu yangu, maana mimi sikuwa nayo. Kisha nikafanya lile ambalo kwetu mtu halifanyi. Nilimshika mkono, mkono mtupu wa mama mkwe wangu, nikamtoa nje ya lango. Kesho yake nilimkatia tiketi. Wewe nilikwambia amerudi kuvuna mahindi.

Kosa kama lile lina njia yake. Unapeleka mbuzi, unakaa mbali, watu wanazungumza kwa niaba yako, na mama mkwe anakubali au anakataa. Mbuzi yule sijampeleka mpaka leo. Niliona ni mambo ya ushenzi.

Mama yako nilimlaza kitandani, shuka nyeupe mpaka kifuani, matofali mawili chini ya miguu ya kitanda. Alipendeza kama picha ya kalenda. Mwishoni mwa wiki ya kwanza akaanza kuniomba.

"Baba Ngalula, niache nitembee mpaka ku mulango tu. Muguu iko nakuwa sawa muti."

"Ngoja kwanza bageni bapite."

"Bageni bako nakuja siku gani?"

"Bako nakuja."

Hawakuja wiki ile, wala iliyofuata. Mara tatu zilivuma habari kwamba tume inakuja, na haikuja. Mama yako alilala wiki saba. Nilikuwa nikitoka asubuhi namwambia asishuke, naye hakushuka, kwa sababu mumewe ni infirmier na mumewe anajua. Wazungu walipokuja mwishowe walisimama mlangoni mwa chumba, wakaona shuka, wakasema "très bien", vizuri sana. Karata niliipata. Mwaka jana niliitoa mfukoni nikawaonyesha vijana waliokuja na minyororo ya baiskeli, na mmoja aliigeuza pande zote mbili kwa sababu hakujua kusoma, akanirudishia.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu methali ilikosea mtu. Asiyesikia nilikuwa mimi, guu lililovunjika likawa la mama yako. Aliposimama baada ya wiki saba, paja lilikuwa limekonda na chini kumevimba. Haukurudi tena kuwa mguu. Wewe uliuona miaka yote ile, ngozi nyeusi juu ya kifundo, kidonda kinachofunguka kila masika. Ulikuwa unamchotea maji ya chumvi. Alikanyaga mashine yake ya kushona kwa mguu mmoja, na wateja walisema fundi huyu anashona taratibu. Hakunilaumu hata siku moja. Alidhani nilimwokoa, na mimi nilimwacha adhani hivyo.

Nilimuuliza yule daktari wa hapa, kupitia Mama Odia, kama mama yako angetembea mapema mguu ungepona. Alifuta miwani. Akasema hakuna anayeweza kuapa, kuna miguu inayoharibika hata ikitunzwa vizuri, na zamani wengi walilaza wagonjwa. Alikuwa ananihurumia. Lakini zamani wengi hawakuambiwa na daktari wao, "atembee," wakasema "oui," kisha wakakaa juu ya neno hilo. Zamani wengi hawakuwa na Kaku uani. Huruma yake niliirudisha.

Sasa nafika pale ambapo mkono unakuwa mzito.

Asubuhi tuliyokimbia, wewe ulitangulia na akina Mama Odia. Mimi nilikuwa na Mukendi mgongoni na mama yako nyuma yangu. Nyumba za jirani zilikuwa zinaungua. Watu wote walikuwa wanakimbia, wazee wanakimbia, wanawake wenye mimba wanakimbia. Mama yako alikimbia mpaka kona ya barabara kubwa, kisha mguu ukakataa. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akaushika kwa mikono miwili.

"Pita na mutoto," akaniambia. "Miye niko nakuja polepole."

"Nitakubeba."

"Utabeba bantu babili? Pita, baba Ngalula. Miye nakuja."

Nikapita. Niliangalia nyuma mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amesimama, anatembea ameshika ukuta. Mara ya pili kona ilinificha. Nilirudi alasiri na askari wawili wa kofia za bluu. Hakuwa mbali na pale nilipomwacha. Nilichokiona sitakiandika.

Ulipouliza, nikakwambia alirudi nyumbani kuchukua mashine ya kushona, akauawa huko. Sijui uongo ule ulitoka wapi. Ulikuwa tayari mdomoni. Nawe ukasema, macho makavu, "Kumbe alipenda mashini kupita siye." Tangu siku ile hujamtaja. Mukendi akimuuliza, unaondoka. Nimekuona miezi yote hii ukimchukia mama yako kwa ajili ya chuma, na kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, na kila asubuhi nikaenda kuzunguka mahema.

Hakurudi kwa ajili ya mashine, Ngalula. Hakurudi popote. Alikuwa anakuja kwako, kwa mguu ambao mimi niliuharibu kwa ajili ya wageni. Wale vijana wana damu yake mikononi na sitaki kuwapunguzia hata tone. Ila wote waliokuwa na miguu walifika.

Umeniambia unataka kuwa infirmière. Sikukuzuia, lakini lilinitia hofu, na sasa unajua kwa nini. Sitakupa hotuba. Nitakwambia tu kwamba katika miaka ishirini sikumuuliza mgonjwa hata mmoja mguu wake unasemaje. Mama yako aliniambia bila kuulizwa, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba unakuwa mti. Kaku akikufundisha kitu, kikague kama unavyokagua cha daktari, na cha daktari kikague kama unavyokagua cha Kaku. Mimi nilichagua kwa kutazama nani amevaa viatu.

Bado kuna uongo mmoja. Nilikwambia daktari amenikataza kusafiri. Hakunikataza. Alisema ningoje mpaka mwili uzoee dawa, na sasa umezoea. Amenipa vidonge vya safari na barua kwa daktari wa huko atakayenipima damu, akasema bendeji isitoke mguuni, na ndani ya gari nisikae kama gunia, niamke kila saa nitembee kati ya viti, ninywe maji. Jina langu liko kwenye orodha ya kesho pamoja na yenu. Liko pale tangu Jumatatu. Niliyejikataza ni mimi. Siwezi kumtazama Kaku, na safari hii si kwa sababu ya desturi. Nilikuwa tayari kuwaacha wanangu wawili wasafiri siku tatu na Mama Odia, katikati ya bunduki, ili nisisimame mbele ya kikongwe mmoja.

Ulikuwa wajibu wangu kuamua jambo hili mwenyewe, nisikutwike. Lakini mara ya mwisho nilipoamua peke yangu nani atembee na nani alale, umeshasoma yaliyotokea. Kwa hiyo barua hii sitakupa kesho dirishani, gari likianza kuondoka, kama nilivyokuwa nimepanga. Nakupa leo, ukitoka bombani, ili uwe na muda wa kuisoma ningali hapa na wa kunichukia ana kwa ana ukitaka.

Kesho malori yatakapokuja kuwachukua kwenda stesheni, nitakuwa nimesimama langoni, bendeji imefungwa, viatu miguuni. Ukiniita, nitapanda, na nikifika nitakaa mbali na nyumba ya Kaku mpaka nimpate mbuzi. Ukinipita bila kuniangalia, nitajua kwamba umesoma mpaka hapa.

Baba yako